Je, wajua kwa nini mkanda wa filamu hustahimili jua la Lamu?

Saa saba mchana, mtaa wa Mkomani, Lamu. Punda aliyebeba mawe ya matumbawe anatoka chini ya wikio, kile chumba kilichojengwa juu ya njia kuunganisha nyumba mbili, na mwenye punda yuko nyuma yake, bado gizani. Mtoto wa ndugu yangu akapiga kwa kamera yake ya dijitali, nami nikapiga kwa yangu ya mkanda. Jioni akanionyesha picha yake: ukuta wa chokaa umeungua, mweupe pe, hauna hata ufa, na mwenye punda hana uso. Mkanda wangu ulipokwisha kusafishwa nikamwonyesha yangu. Nyufa za ukuta zipo, madoa ya mvua yapo, na uso upo.

"Ami," akaniuliza, "mbona jua lilikuwa lile lile?"

Swali zuri, na jibu lake linaanzia kwenye mji wenyewe. Lamu iko nyuzi 2 na kidogo tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo adhuhuri jua hukaa karibu na utosi. Vichochoro vilijengwa vyembamba, vya kupita watu na punda, na kuta ndefu zikitiliana kivuli ili njia ipoe. Juu ukuta mweupe unawaka, chini ni giza la pango. Kwa mkanda wa kasi ya 400 (kasi ni wepesi wa kuhisi mwanga), penye jua kali hutosha tundu la lenzi la f/16 na shata ya 1/500 ya sekunde. Chini ya wikio, kwa shata ile ile, nalazimika kufungua tundu hadi f/2.8 (namba ikipungua, tundu limepanuka). Hizo ni hatua tano, na kila hatua hurudufisha mwanga: tofauti ya mara 32, yote ndani ya picha moja.

Sasa tazama mkanda umeundwaje. Ndani ya utando wa jelatini zimetawanywa chembe za chumvi ya fedha, nyingi mno, za ukubwa mbalimbali. Mwanga ukiipiga chembe, huzaliwa ndani yake atomi chache za fedha halisi. Atomi nne hivi zikikusanyika mahali pamoja, chembe imetiwa alama: ikitumbukizwa kwenye dawa ya kusafishia, yote itageuka fedha nyeusi. Zikipungua hapo, dawa itaipita kana kwamba haikuguswa na mwanga kabisa.

Fikiria mvua inaanza kunyesha uani, na umetandaza masinia, mabakuli na vikombe vya kahawa. Matone ya kwanza yataangukia zaidi kwenye masinia, kwa kuwa ndiyo mapana. Mvua ikizidi, mabakuli nayo yatapata, na vikombe vitakuwa vya mwisho. Chembe kubwa za fedha ndizo masinia hayo, hutiwa alama na mwanga kidogo tu. Chembe ndogo husubiri mwanga mwingi. Ndiyo maana ukuta wa chokaa, hata ukipokea mwanga mara nane ya unaohitajika, bado una vikombe ambavyo havijapata tone, na tofauti kati ya ufa na chokaa inaendelea kuandikwa.

Kihisi cha dijitali, kile kinachopokea mwanga badala ya mkanda, ni mitungi iliyopangwa safu, yote ya ukubwa mmoja. Hupima maji kwa usahihi wa ajabu, lakini mtungi ukijaa umejaa. Ufa na chokaa vyote vinasoma "pomoni". (Simu nyingi za siku hizi huunganisha picha kadhaa za mpigo mmoja ili kuliponya jambo hili.)

Tabia hii ya mkanda ilipimwa zamani. Mwaka 1890 Ferdinand Hurter na Vero Driffield, waliokuwa wakifanya kazi Uingereza, walichapisha mchoro wa namna weusi wa negativu, yaani picha iliyosafishwa ambamo cheupe hutoka cheusi, unavyoongezeka kadiri mwanga unavyozidi. Mstari wake hauendi wima hadi juu ukakatika. Huinama taratibu kama bega la mtu. Chini, upande wa giza, hakuna huruma hiyo: pasipopata atomi za kutosha, hapana kitu.

Basi mpigaji wa negativu hupima giza. Vichochoroni naiacha kamera kwenye f/5.6 na 1/500 mchana kutwa. Ukuta wa juani unazidishiwa hatua tatu, na mkanda unabeba. Kivuli cha wikio kinapungukiwa hatua mbili, nacho kinatakiwa kiwe kivuli, ila macho ya mtu yataonekana. Umbali wa kulenga nauweka mita 3, na kwa lenzi ya milimita 35 kila kilicho kati ya mita 2 na 5 hivi hutoka safi. Huo ndio upana wa maisha ya Usita wa Mui, njia kuu ya mji, na mkono wangu unabaki huru kumpa mtu salamu. Salamu ndiyo hutangulia. Mama aliyejifunika uso amekwisha nijibu, na kamera inabaki kifuani. (Mkanda wa slaidi, ule utoao picha isiyogeuzwa, ni kinyume: huo hupimwa kwenye mwanga, na hausamehi.)

Kazi nusu iko kwenye kusafisha, na hapa pwani hutuponza zaidi kuliko jua. Muda ulioandikwa kwenye chupa za dawa kwa kawaida ni wa nyuzi joto 20. Maji ya bomba ya Lamu hayashuki hadi huko, yanatoka yamepashwa na mji. Dawa ya moto hufanya kazi kwa haraka, na inashambulia kwanza palipojaa chembe zilizotiwa alama, yaani ukuta. Giza halipati cha ziada, ukuta unakuwa mweusi tii kwenye negativu, na ile huruma ya mkanda unaipoteza ndani ya ndoo. Mimi huweka chupa ya dawa kwenye karai la maji na vipande vya barafu, nikitazama kipimajoto, na siamini kidole changu hata siku moja.

Mkanda ukikauka, uinue dirishani. Kwenye negativu mambo yamegeuka: kanzu ni nyeusi, buibui ni wazi kama kioo. Usitazame kanzu. Tafuta mikunjo ya buibui. Ukiiona, hata kama ni vistari hafifu vya kijivu, ulipima giza vizuri.