Choo kinachotikisika na maji ya sakafuni: yanayosemwa na yalivyo

"Kaza skrubu, kitatulia." Dhana hii ndiyo yenye hasara kubwa. Sinki la choo, lile la kukalia, ni udongo uliochomwa: halipindi, hupasuka. Likitikisika, mara nyingi skrubu haina pa kushika. Fisha, ile plastiki ya tunduni, imelegea, au skrubu yenyewe imeliwa. Kwa hewa yetu ya chumvi, Unguja na Pemba, skrubu za chuma cha kawaida hazidumu. Nunua za shaba au za chuma kisichoshika kutu. Tundu la fisha ya milimita 8 likiwa limetanuka, toboa upya uweke ya 10. Sakafu isipokuwa sawa, chomeka vipande vya plastiki ngumu chini ya ukingo kabla ya kukaza. Vya mbao huvimba, kisha huoza.

"Maji yakionekana chini, kiungo kimekufa." Kiungo ni pale sinki linapoungana na paipu ya maji machafu. Si lazima kiwe kimekufa. Kausha pote, zungushia karatasi ya chooni, usivute maji kwa nusu saa. Karatasi ikilowa, tazama koki na mpira wa maji safi. Ikilowa baada ya kuvuta tu, tia buluu ya kufulia kanzu ndani ya sinki, sio kwenye tangi, kisha vuta. Buluu ikifika sakafuni, hapo ni kiungo au ufa wa sinki. Yakitoka maji meupe, kagua mpira na nati za tangi.

"Zungushia saruji nyeupe, yatakoma." Hayakomi, yanajificha. Mpira wa kiungo ukishachanika, maji machafu hupita chini ya vigae. Katika nyumba za ghorofa za Mji Mkongwe dari ni boriti za mkoko, mawe na chokaa. Chokaa hunywa maji, boriti huoza, na chooni bado pakavu. Harufu nayo isifukuzwe kwa udi: ni hewa ya karo inayopita penye uwazi uleule.

Dawa ni kuling'oa sinki. Funga koki, vuta maji, yaliyobaki yanyonye kwa sponji, fungua mpira wa maji na skrubu, nyanyueni watu wawili, wima. Ziba paipu ya inchi 4 kwa tambara kubwa, msije mkaangusha kitu ndani. Kwangua uchafu wote wa zamani. Vika konekta mpya, yaani mpira wa kiungo, usirudishe ya zamani hata ikionekana nzima, na mdomo wake upake sabuni ya maji. Grisi ya kawaida huharibu mpira. Toa tambara! Husahaulika. Shusha sinki moja kwa moja bila kulizungusha, kaza kidogo kulia, kidogo kushoto, uache pale linapotulia.

"Likalishe juu ya saruji, halitang'oka." Kweli halitang'oka, na ndiyo taabu yake: siku ya kubadilisha konekta utalivunja. Saruji pia haina mnyumbuko, na sinki likibanwa nayo hupata ufa.

Vuta maji mara 5 au 6 kwanza. Pakiwa pakavu, ndipo upake silikoni kuzunguka ukingo, ila nyuma acha uwazi wa sentimita 5, na choo kisitumike kwa saa 24. Uwazi ule usizibwe na mtu: kiungo kikivuja tena, maji yataonekana hapo kabla hayajafika kwenye boriti.