Antibiotiki si kinga ya sato wa kizimbani

Wiki ya uelewa kuhusu usugu wa vimelea dhidi ya dawa, Novemba 18 hadi 24, inatukuta Kanda ya Ziwa tukiulizwa swali lilelile: oksitetrasaiklini, antibiotiki ya kuku, ichanganywe vijiko vingapi kwenye chakula cha sato wanaofugwa kwenye vizimba ziwani ili wasiugue? Hata kimoja kisichanganywe. Dawa hiyo ni ya samaki mgonjwa, kwa cheti cha daktari wa mifugo.

Utumbo wa sato ni mwembamba, mrefu, umejiviringa tumboni, na umejaa bakteria anaowategemea. Setobakteriamu, ambao ni wengi humo, hutengeneza vitamini B12, ndiyo maana sato hahitaji kuongezewa vitamini hiyo kwenye chakula. Bakteria hawa pia huwabana Aeromonasi, wanaoleta vidonda na tumbo kujaa maji. Ukiwaua kwa dawa, anayebaki kuzaana ni yule aliyekwisha kuwa sugu. Na sehemu kubwa ya oksitetrasaiklini haifyonzwi. Hutoka na kinyesi ikaingia ziwani. Wapo wanaosema "mbona kuku wanapona kwa dawa hiyo"; jibu ni kwamba samaki si kuku.

Samaki wanaohema juu ya maji alfajiri, mara nyingi wamekosa oksijeni. Hakuna antibiotiki ya tatizo hilo.

Vifo vikianza, sitisha kulisha. Andika joto la maji, idadi ya waliokufa na namba ya toleo iliyo kwenye mfuko wa chakula. Chukua wachache wenye dalili ila bado wako hai, uwapeleke kwa ofisa uvuvi wa wilaya ndani ya ndoo yenye maji ya kizimba hichohicho. Aliyekufa tangu usiku asiletwe: utumbo umeshaoza, na maabara itaotesha bakteria wa kuoza tu.

Ukiandikiwa dawa, weka kumbukumbu ya jina, kipimo na tarehe ya mwisho, na usivue kabla ya muda ulioandikwa kwenye cheti. Muda wa kusubiri uliozoeleka Ulaya kwa dawa isiyosajiliwa kwa samaki ni digrii-siku 500 (joto la maji mara idadi ya siku), yaani siku 20 kwa maji ya nyuzi 25. Mzigo wa samaki wenye mabaki ya dawa unaweza kuzuiwa na mwenye nao kushtakiwa. Kusema hukujua si utetezi.

Wenye mabwawa nao wanahusika: kinyesi cha kuku walio kwenye dozi ya antibiotiki kisitumike kurutubisha bwawa.