Usimwulize mwanafunzi yaliyomkuta

Mwaka wangu wa kwanza kufundisha stadi za maisha niliingia darasani na zoezi nililoliona la maana sana. Kila mmoja aandike siku iliyomuumiza kuliko zote, kisha atakayejitolea atusomee. Msichana mmoja wa mbele akasimama, akasoma mistari minne, wa tano ukamshinda. Darasa zima likainamia meza. Kengele ilipolia alitoka wa kwanza, na hadi muhula unaisha hakuinua tena mkono katika kipindi changu. Alichokisoma kilikuwa mdomoni mwa shule nzima kabla ya jioni.

Kosa halikuwa lake. Lilikuwa langu, na lilitokana na imani ambayo walimu wengi wa somo hili tunayo: kwamba mtoto asipofunguka mbele yetu hatujamfundisha kitu. Tunaipenda methali ya mficha uchi hazai. Lakini darasa la watu 40 si mkunga.

Siku hizi ninatumia mhusika wa kubuni. Ana umri wao, anasoma shule nyingine, na hana jina la mtu yeyote aliye humo ndani (naangalia daftari la mahudhurio kabla ya kumpa jina). Tuseme ameacha kula na wenzake, alama zimeshuka, na akiulizwa anasema hana tatizo. Nauliza: anahisi nini? Anadhani wengine wanamwonaje? Angeweza kumwambia nani? Na swali ninalolipa muda mrefu kuliko yote: kitu gani kinamzuia kusema? Hapo ndipo darasa huamka. "Ataambiwa anajidekeza." "Mama yake ana matatizo yake mwenyewe." "Akimwambia mwalimu, itajadiliwa kwenye chumba cha walimu." Wanasema ya kwao kwa kinywa cha mtu asiyekuwepo, na hakuna atakayewachokoza wakati wa mapumziko kwa sababu hawakusema lolote kuhusu nafsi zao. Nami nimejifunza kutouliza, "Umejuaje?"

Kabla ya mada yoyote nzito kuna masharti. Hatutaji majina. Yeyote ana haki ya kusema "napita" bila kutoa sababu. La tatu linanihusu mimi: siahidi siri. Nalisema mwanzoni kabisa, kwamba nikisikia mtu yuko hatarini nitamweleza anayeweza kumsaidia, na nitamjulisha mwenyewe kabla ya kufanya hivyo. Mwalimu anayesubiri hadi mtoto ameanza kusimulia ndipo amkatize kwa onyo hilo amemtega, hata kama hakukusudia.

Kisanduku cha maswali kila mtu anakifahamu, ila kina ujanja wake. Wape wote karatasi za ukubwa mmoja na kila mtu aandike kitu, hata kama ni "sina swali", ili asiwepo anayeonekana akiandika peke yake. Usijibu siku hiyohiyo. Zichukue, zisome, jiandae. Mengine yatakuwa mizaha, na mizaha hiyo ijibiwe kwa utulivu uleule, maana mara nyingi swali la kweli huja limevaa kichekesho. Na ukiutambua mwandiko, usiinue macho kumtafuta mwenyewe. Kama ulichokisoma kinaashiria hatari, mtafute baadaye, faraghani.

Kuhusu hotuba na vitisho sitapoteza muda, maana ushahidi upo. Mpango wa D.A.R.E. ulianza Los Angeles mwaka 1983, polisi wakiingia madarasani kufundisha watoto kukataa dawa za kulevya. Ulienea sana, lakini tafiti za miaka iliyofuata ziliona ulibadilisha kidogo mno matumizi yenyewe. Ile mipango ya kuwapeleka vijana gerezani ili wafungwa wawatishe ilifanya vibaya zaidi: uchambuzi wa majaribio kadhaa ulionyesha kwamba waliopelekwa walitenda makosa zaidi kuliko wenzao waliobaki.

Na si vitisho tu vinavyoshindwa. Mwaka 2022 yalitoka matokeo ya jaribio kubwa la Uingereza liitwalo MYRIAD, lililohusisha wanafunzi zaidi ya 8,000 wa miaka 11 hadi 14. Kundi moja lilifundishwa mazoezi ya kutuliza akili kwa kuzingatia pumzi na wakati uliopo, jingine likaendelea na mafunzo ya kawaida. Afya ya akili ya kundi la kwanza haikuwa bora kuliko ya la pili, na wengi hawakuwa wakifanya mazoezi hayo nyumbani. Mimi mwenyewe nayafanya na yananisaidia. Lakini mimi niliyachagua, wao wamewekewa kwenye ratiba baada ya hisabati.

Jaribio lililobadilisha ufundishaji wangu hasa ni la Margo Gardner na Laurence Steinberg, la mwaka 2005. Watu wa rika mbalimbali walicheza mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta, wengine wakiwa peke yao, wengine wakitazamwa na wenzao. Wakitazamwa, vijana wa miaka 13 hadi 16 walithubutu hatari zaidi kwa kiasi kikubwa. Watu wazima hawakubadilika sana. Sasa fikiria jinsi tunavyofundisha kukataa. Mwanafunzi mmoja, ameketi kimya, ananakili ubaoni: "Nitasema hapana." Tumemfundisha kuogelea nchi kavu. Kama tatizo ni macho ya rika, basi mazoezi yawe na macho ya rika: watano wanashawishi, wanacheka, wanasukuma, mmoja anatafuta maneno yake. Maneno mafupi hushinda. Mimi hata visingizio naviruhusu. Anayesema "baba ananifuata saa hii" ili aondoke salama hajanikosea. Wenzangu kadhaa hawakubaliani nami hapo, wanasema nafundisha uongo. Tumebishana sana.

Usingizi nao ni mada nzuri kwa sababu una habari wasizozijua. Wakati wa balehe saa ya mwili husogea mbele: homoni ya melatonini, inayouandaa mwili kulala, huanza kutoka usiku zaidi, hivyo kijana asiyepata usingizi mapema si lazima awe mkaidi. Ila mahitaji hayapungui. Wataalamu wa usingizi wa Marekani mwaka 2016 walipendekeza saa 8 hadi 10 kwa wenye miaka 13 hadi 18. Nawaomba wajiwekee rekodi ya wiki moja katika daftari ambalo silikusanyi. Mwanzoni walidhani nasema tu.

Mwisho wa kila kipindi natamka mahali pa kwenda kwa anayehitaji kuzungumza: mshauri nasaha, mwalimu mwingine zaidi yangu (huenda mimi ndiye hanipendi), na mtu nje ya shule. Natamka hata siku ya mada nyepesi, ili siku ya mada nzito isionekane namlenga mtu.

Kupima somo hili kwa mtihani wa kuchagua jibu ni kujidanganya. Wiki ya kwanza nawapa kisa cha yule mhusika na swali moja: ungemwambia nini? Wiki ya sita nawapa kisa kilekile, swali lilelile, kisha naziweka karatasi mbili pamoja. Ya kwanza nyingi huandikwa "ajikaze" au "amwombe Mungu". Ya pili hurefuka: "Ningemuuliza kama anataka tutembee kidogo, nisimuulize kitu kwanza." Lakini zipo zinazorudi na "ajikaze" ileile. Hizo nazirudisha darasani bila jina, nasoma kwa sauti, nauliza: ajikaze vipi, hasa? Kesho asubuhi, akiamka, afanye nini?