Kisanduku cha TV si king'amuzi, wala hakileti vya bure

"Ukishanunua hiki, umeagana na malipo ya kila mwezi." Ndivyo visanduku vya intaneti vinavyonadiwa, na hapo ndipo wengi wanapoanza kupotea. Kisanduku hiki hakinasi matangazo ya hewani kama king'amuzi. Ni kompyuta ndogo isiyo na kioo, ikaazima kioo cha TV yako. Kila picha unayoiona imepita kwenye intaneti yako na imekula bando lako. Netflix wenyewe wanakadiria kwamba saa moja ya video ya HD hula hadi GB 3, na ya 4K, yaani picha kali zaidi ya HD, hadi GB 7. Filamu mbili za saa mbilimbili kwa 4K zinaweza kukuondolea GB 28 jioni moja. Na ada ya Netflix nayo iko palepale.

Wapo wanaodhani teknolojia hii ni ya juzi. WebTV iliingia sokoni Marekani mwaka 1996, visanduku vyake vikitengenezwa na Sony na Philips, vikitumia modemu ya simu ya mezani ili watu wasome kurasa za wavuti wakiwa sebuleni. Microsoft waliinunua mwaka uliofuata kwa dola milioni 425, na huduma ikafungwa 2013.

"Maadamu kina kivinjari, chochote kilicho kwenye tovuti nitakitazama." Google TV, mfumo wa Google wa kuleta intaneti kwenye TV, ilipotoka mwaka 2010 ilikuja na kivinjari kamili, lakini vituo vya televisheni vya Marekani ABC, CBS na NBC vilizuia vifaa hivyo visicheze vipindi kamili vilivyokuwa kwenye tovuti zao. Kompyuta ya kawaida iliviona, TV haikuviona. Mwenye video ndiye anayeamua icheze wapi. Tena jaribu kuandika nenosiri la herufi kumi na mbili kwa rimoti, ukisogeza mshale herufi moja baada ya nyingine, utaelewa kwa nini Chromecast ya 2013, kifaa kidogo cha Google cha kurushia video kwenye TV, ilikuja bila rimoti kabisa na kazi hiyo ikaachiwa simu.

Sasa lile la 4K, ambalo binafsi naliona ndilo linalowaumiza wanunuzi zaidi. Maandishi yaliyo kwenye boksi yanaeleza uwezo wa chipu tu. Ili picha ya 4K ikufikie, TV yenyewe iwe ya 4K, intaneti iwe na kasi ya kutosha (Netflix wanashauri Mbps 15), na kisanduku kiwe kimeruhusiwa na huduma husika. Hili la mwisho muuzaji halitaji. Vifaa vya Android hulinda video kwa mfumo uitwao Widevine, na ngazi zake zinazokutana na mtumiaji ni L1, ya juu, na L3, ya chini. Penye L3, huduma nyingi zinazolipiwa hukupa picha ya 480p basi, iliyo chini ya HD, hata kama chipu inamudu 4K. Utaona menyu inang'aa kama kioo kilichofutwa sasa hivi, ukifungua filamu nyuso zinakuwa za ukungu. TV haina kosa. Uliza ngazi ya Widevine kabla ya kutoa pesa.

Video ikikwama-kwama, usikimbilie kulaumu kisanduku. Mara nyingi kimebanwa nyuma ya TV, Wi-Fi inakifikia kwa taabu na joto halina pa kutokea. Kivute pembeni, au kiunge na ruta kwa kebo.

"Android ni Android, chukua cha bei nafuu." Hapana, na naomba hili lisichukuliwe kijuujuu. Januari 2023 mtaalamu mmoja wa usalama wa mifumo nchini Kanada alieleza kwamba kisanduku cha T95 alichonunua mtandaoni kilimfikia kikiwa tayari na programu hasidi ndani yake. Juni 2025 FBI, shirika la upelelezi la Marekani, wakatoa onyo kuhusu BADBOX 2.0, mtandao wa vifaa vya nyumbani vilivyoambukizwa, visanduku vya TV vikiwemo, ambavyo wahalifu huvitumia kupitisha shughuli zao kwa intaneti ya mwenye nyumba. Mwezi uliofuata Google wakafungua kesi, wakisema vifaa hivyo vimepita milioni 10. Vilivyotajwa na Google ni vile vinavyotumia Android ya wazi, ile ambayo mtengenezaji yeyote anaweza kuichukua, bila kuidhinishwa nao.

Na usidhani kukirejesha kwenye hali ya kiwandani kutakisafisha. Hasidi hiyo huwa ndani ya mfumo wenyewe, kwa hiyo hurudi nao. Kisanduku kikikutaka uzime Play Protect, kinga ya Google inayokagua programu, au kikijinadi kwamba kimefunguliwa chaneli zote za kulipia, kiache dukani. Kama tayari unacho, zima TV usiku kisha tazama ruta: kuzima TV hakukizimi kisanduku. Ukiona data inazidi kwenda na hakuna anayetazama, kichomoe na usikirudishe kwenye mtandao wako.