Holbein hakumdanganya mfalme

Wiki hii tena mwanafunzi wangu kaniambia mchoraji Hans Holbein alimrembesha pichani Anne wa Cleves, binti wa mtawala wa Kijerumani aliyechumbiwa na Henry VIII, mfalme wa Uingereza; mfalme akaiamini picha, akamwoa, akaingia mkenge, na mchoraji akakiona cha moto. Nimeyasikia mara nyingi mno. Nachora sura za watu kwa riziki yangu, na uvumi huu unaniuma kwa sababu unamchafua fundi mwaminifu.

Maisha yake kwa ufupi: kazaliwa Augsburg, baba mchoraji, akafanya kazi Basel, mwaka 1526 akaenda Uingereza, mwanazuoni Erasmus akimpendekeza kwa rafiki yake Thomas More, mwanasheria na mwandishi wa huko. Akarudi Basel, akaja tena 1532, na kufikia 1536 alikuwa mchoraji wa mfalme.

Sasa kazi yenyewe. Wakubwa hawana muda wa kukaa. Christina wa Denmark, mwingine ambaye Henry alifikiria kumwoa, alimpa saa tatu tu, Brussels, Machi 1538, na zikatosha kwa picha ya mwili mzima. Holbein aliuchora uso kwa chaki, akaandika rangi za nguo papo hapo kwenye karatasi, kisha mistari ileile akaihamishia kwenye ubao. Michoro kama 80 ya chaki bado ipo Windsor, kasri la kifalme la Uingereza. Mtazameni pia Jane Seymour, mke wa mfalme huyohuyo: midomo imebana, kidevu kinene. Kama huyo hakumpamba, angempambia nini mgeni?

Agosti 1539 alimchora Anne huko Düren, Ujerumani. Balozi wa Henry, Nicholas Wotton, aliyekuwa hukohuko, aliandika kwamba sura zimetoka barabara. Henry alipomwona Anne, Januari 1540, alilalamika kwamba hafanani na alivyosimuliwa. Kusimuliwa! Hayo ni maneno ya watu, siyo rangi. Julai ndoa ikabatilishwa, na Thomas Cromwell, waziri mkuu wa mfalme aliyeisukuma, akakatwa kichwa mwezi huohuo. Holbein aliendelea kuchora London mpaka kifo chake, 1543.

Jambo moja tu hunikosesha raha. Picha ya Anne iliyoko Louvre, makumbusho ya Paris, inamwonyesha uso kwa uso, na pua ndefu ikitazamwa kwa mbele hupotea. Kila mchoraji anajua hilo, na Holbein alilijua kutuzidi sote. Huenda alimstahi. Lakini hata Henry, kwenye ukuta wa kasri lake la Whitehall, alimchora akitazama mbele, na kuchagua upande wa kumkalisha mtu hakubadilishi pua yake.

Yule mwanafunzi nimempa kazi: amchore mwenzake kwa mbele, kisha kwa ubavu, kwa saa tatu tu, halafu tuzungumze.