Je, wajua kwa nini kupuuzwa kunauma?

Unamsalimia mtu unayemfahamu. Macho yake yanakupita kana kwamba hapo uliposimama hakuna mtu, naye anakwenda zake. Hajakutukana, hajakugusa, wala hujapoteza chochote. Mbona basi jambo hilo linakukaa rohoni mpaka usiku?

Mwanasaikolojia wa Marekani, Kipling Williams, yalimkuta yanayofanana na hayo. Alikuwa amekaa bustanini na mbwa wake, mara kisahani cha plastiki cha kurushiana kikamfikia. Kugeuka, akaona wanaume wawili wakicheza. Akawarudishia, nao wakamrushia tena. Wakacheza watatu kwa dakika chache. Kisha, bila neno lolote, wale wawili wakaacha kumrushia. Hawakujuana hata kwa jina, lakini alishangaa jinsi alivyoumia.

Tukio hilo akaligeuza kuwa jaribio: mchezo wa kompyuta ambamo mtu anarushiwa mpira mara chache, halafu wenzake wanamwacha kando. Mwaka 2003, Williams pamoja na watafiti wenzake, Naomi Eisenberger na Matthew Lieberman, walitangaza walichokiona katika picha za ubongo: mtu akitengwa, huamka eneo ambalo huamka pia anapopata maumivu ya mwili. Mwaka 2004 likaja jaribio jingine, na hili ndilo linalonigusa zaidi. Hata walioambiwa waziwazi kwamba wanacheza na kompyuta tu, walijiona wamepungua thamani.

Kwa nini tuwe hivyo? Mwanasaikolojia Mark Leary na wenzake walitoa jibu mwaka 1995: kujithamini ni kama geji ya mafuta ndani ya gari. Kwa binadamu wa kale, kufukuzwa na kundi kulikuwa karibu sawa na kufa, maana peke yake asingeweza kujilinda wala kupata chakula cha kutosha. Kwa hiyo ndani yetu kuna geji inayosoma bila kupumzika: bado wananihesabu? Ikishuka, tunaumia. Anayeumia kwa kupuuzwa si mdhaifu, na inanisikitisha kila nikisikia akiambiwa hivyo.

Lakini si kila sifa hupandisha geji hiyo. Mwanasaikolojia Abraham Maslow, alipoandika mwaka 1943 kuhusu mahitaji ya binadamu, alitaja haja ya heshima kwa pande mbili: kujiona unaweza, na kutambuliwa na wengine. Akaongeza kwamba heshima iliyo imara husimama juu ya uwezo wa kweli.

Tazama mtoto anayekuletea mchoro wa ng'ombe. Mwambie "vizuri sana" huku macho yako yako kwenye simu, ataondoka kimya. Uchukue mchoro mkononi, uutazame, umuulize mbona ng'ombe ana miguu mitano. Atakusogelea, aweke kidole juu ya karatasi: "Huu si mguu, ni mkia!" Na hapo hataondoka mpaka akueleze na pembe.