Harufu ya ndizi kwenye bia isiyo na ndizi

Bia ya ngano ya Bavaria hunukia ndizi mbivu, ingawa hakuna ndizi iliyotiwa. Ndani mna ngano, shayiri, maji, hopsi (maua machungu ya kuungia bia) na hamira basi. Mimi nafanya kazi na hamira, na huniuma kusikia watu wakisema kazi yake ni kugeuza sukari kuwa kilevi tu.

Seli ya hamira ikitaka kukua huhitaji naitrojeni, nayo huipata katika asidi amino, yaani vijenzi vya protini, zilizomo kwenye maji ya kimea. Ikipata lyusini, mojawapo ya asidi hizo, huinyofoa naitrojeni yake, na mabaki huyageuza kuwa alkoholi ya isoamili. Njia hiyo aliieleza mkemia Mjerumani Felix Ehrlich mwaka 1907. Kisha kimeng'enya kinachotokana na jeni ATF1 huiunganisha alkoholi hiyo na kipande cha molekuli kiitwacho asetili, ikapatikana esta iitwayo asetati ya isoamili: molekuli ileile inayonukia kwenye ndizi. Kwa kuwa huyeyuka kwenye mafuta, esta hiyo hupenya utando wa seli na kuingia kwenye bia. Miligramu moja hivi kwa lita inatosha pua kuitambua.

Seli inanufaika nini? Mwaka 2014 watafiti wa Leuven, Ubelgiji, walionyesha kwamba hamira iliyonyimwa ATF1 huvutia nzi wa matunda wachache zaidi. Nzi ndiye anayeibeba hamira hadi kwenye tunda jingine. Mimi naliona jambo hili zuri kuliko yote katika fani yetu.

Kwa mpikaji wa bia, jeni ATF1 ndiyo usukani. Oksijeni na asidi za mafuta zisizoshiba huizima. Ukipuliza hewa nyingi mwanzoni, seli huzaana vizuri ila ndizi hufifia. Joto likipanda, esta huongezeka. Kabonidioksidi ikibanwa ndani ya tangi refu, esta hupungua, na ndiyo maana baadhi ya wapikaji wa Bavaria bado huchachusha kwenye mabeseni mapana yaliyo wazi.

Bia hiyohiyo ina harufu ya karafuu pia. Hiyo hutoka kwenye asidi feruliki ya maganda ya nafaka, ambayo seli huiona sumu na kuivunja kwa kutumia jeni PAD1 na FDC1. Jeni hizo zimeharibika katika hamira nyingi za bia nyingine, kwa sababu kwa karne nyingi wapikaji walibakiza hamira zisizonukia karafuu. Hamira za bia ya ngano bado zinazo zikiwa nzima.